Buluu au Kijivu? Tuiulize Taa

Mwananchi wa Kilangala, mkoani Lindi, apakapo rangi chumba cha kusomea watoto, huweza kusita baina ya buluu na kijivu. Wengi hudhani kuwa hilo ni jambo la kupenda tu. La hasha, ni jambo la mwanga.

Ukuta hauna mwanga wake wenyewe. Hurudisha ule uupatao. Kijivu hurudisha miali ya rangi zote kwa kadiri moja, ilhali buluu hufyonza sehemu kubwa ya miali myekundu na ya manjano. Mwanga wa koroboi una wingi wa miali hiyohiyo, na miali ya buluu ni haba. Kwa hiyo ukuta wa buluu upendezao mchana hutiwa giza usiku, na macho ya mtoto hutaabika. Taa nyeupe ya umeme wa jua haina kasoro hiyo.

Kwa maoni yangu, penye koroboi tuchague kijivu chepesi. Penye taa nyeupe, hata buluu mpauko yafaa. Rangi nzito tuziache. Tena tuulize dukani kama rangi ina madini ya risasi, kwani hudhuru ubongo wa mtoto, wala hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.