Hatuko «vexés», tuko bila mushahara

Bandugu ba kazi, na ninyi bamama munaotungojea nyumbani,

Mwezi uliopita sisi délégués tulikaa na direction juu ya mushahara. Miezi miwili ilikuwa imepita bila feza kuingia. Bus ya équipe ya usiku nayo ilikuwa imekufa, watu walikuwa wanarudi kwa miguu usiku kati. Tulisema yote pale mezani. Kiisha wakatuletea procès-verbal tusaini. Tukasoma: «les agents se disent vexés». Mwenzetu mumoja akauliza: «Vexés? Sawa mutu mwenye banamunyima kiti ku ndoa?» Tukacheka. Lakini hatukusaini.

Neno hilo lilitufuata mpaka ku cité. Mutoto wa kamarade mumoja anasoma Kiingereza ku institut. Akatuambia kama Waingereza nao wanalo, wanasema vexed, na vitabu vyao vya zamani vinalitumia sana. Tukamwomba atueleze. Tulijifunza mambo ambayo yanafaa kila mutu mwenye kutia saini ku karatasi ya mukubwa.

Kwanza, mama ya neno ni Kilatini: vexare, maana yake kutikisa, kusumbua sana, kutesa. Halikuwa neno la kununa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Kutoka sura ya 22, pale Mungu anakataza watu wake kumuonea mugeni kwa sababu wao pia walikuwa wageni katika Misri, watafsiri waliweka neno hilo. Kila mutu aliyesoma habari ya matofali ya Farao anajua uzito wake.

Sasa tuende miaka mia mbili mbele. Mwaka 1813 Jane Austen, binti ya pasteur wa Kiingereza, alitoa kitabu kinachoitwa Pride and Prejudice. Ndani yake kuna Mama Bennet. Ana mabinti watano, na kila siku analalamika: neva zake, majirani, dansi. Anamulaumu bwana yake kwamba anafurahia kumuudhi, na pale neno ni lile lile. Bwana anamujibu kwa mzaha, na sisi wasomaji tunacheka naye.

Lakini tuangalie vizuri. Mama huyu ana shida ya kweli. Siku bwana yake atakufa, nyumba na shamba vitaenda kwa ndugu mwanaume wa mbali, na yeye na mabinti watatoka. Hiyo si mzaha. Mbona basi hakuna anayemusikia? Kwa sababu analilia kila kitu kwa sauti moja. Jirani akimukera, analia. Nyumba ikitaka kupotea, analia vile vile. Neno lililobeba Misri limeshuka mpaka kwenye salon, limekuwa jepesi kama kikombe cha chai.

Bandugu, sisi pia tuko namna hiyo wakati mwingine. Supu ya cantine ikiwa baridi, tunasema «banatutesa». Mushahara ukikosa miezi miwili, tunasema «banatutesa». Mukubwa anachukua yote, anaweka katika mufuko mumoja, anaandika juu yake «vexés».

Kuna kitabu kingine cha mama huyo huyo, Emma, cha mwisho wa mwaka 1815. Emma ni binti tajiri. Siku moja wametoka kutembea ku mulima wa Box Hill, anamuchekelea mbele ya watu Miss Bates, mwanamuke maskini asiye na bwana, mwenye kusema maneno mengi. Miss Bates anaelewa kama amedharauliwa, lakini hapigi kelele. Rafiki wa Emma, Knightley, ndiye anamukemea Emma: kama huyu mama angekuwa tajiri kama wewe ingekuwa kitu kingine, lakini ni maskini. Emma anarudi nyumbani ndani ya gari la farasi akilia. Na pale mwandishi analirudisha neno lile lile, vexed, lakini sasa lina uzito wake wote: ni uchungu wa mukubwa anayejiona mwenyewe na kosa lake. Asubuhi yake anaenda ku mulango wa yule mama maskini.

Hapo tukaelewa. Katika procès-verbal ile, neno lilivalishwa mutu asiye wake. Mwenye kukosa mushahara hana haja ya kuwa «vexé». Yeye ana deni la kudai. Mwenye kuudhika, na kujiudhi mwenyewe, angepaswa kuwa yule aliyechelewesha feza.

Kuna wenzetu wanaosema: maneno makali yanaharibu mazungumuzo. Hatukatai. Lakini hatukuomba maneno makali, tuliomba maneno ya kweli. Tulirudisha karatasi, tukataka waandike: mishahara ya miezi miwili haijalipwa; bus ya usiku haitembei; wafanyakazi wanatembea kwa miguu gizani. Hakuna tusi hata moja. Ilichukua saa tatu. Sasa mwezi mumoja umelipwa. Ule wa pili na bus tunangojea bado, lakini vimeandikwa.

Kumbukeni: tukishindwa kuelewana, karatasi ile ndiyo inaenda kwa inspecteur du travail. Yeye hataona macho yetu, hataona viatu vya mutu wa équipe ya usiku. Ataona maneno. Akisoma «vexés», atafikiri tumenuna. Akisoma «miezi miwili», atahesabu.

Kwa hiyo délégué, usisaini siku ile unachoka. Peleka karatasi nyumbani, musomee bibi yako kwa Kiswahili. Akicheka, irudishe.