Kitabu kilichosomwa nusu

Majuzi nilipita kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu kandokando ya barabara ya Tom Mboya, jijini Nairobi, nikanunua kwa bei ya sahani ya githeri kitabu ambacho kwa miaka mingi nilikuwa nikikitaja bila kukisoma. Ni toleo la Penguin la mwaka 1964, ufupisho wa ripoti ya *Traffic in Towns* iliyotolewa Uingereza mwaka 1963. Kiongozi wa waliokiandika alikuwa Colin Buchanan, mhandisi na mpangaji wa miji.

Ni aibu kwa mwalimu kukiri jambo hili, lakini sina budi. Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi la kuchunguza jinsi maneno ya wapangaji sera yanavyogeuka maana yanapopokezanwa. Mmoja wao aliandika kwamba Buchanan aliwaonya Waingereza wasiyaachie magari miji yao. Nikamchorea mstari mwekundu na kumnyima alama mbili. Nilijua, au tuseme nilidhani najua, kwamba ripoti hiyo ndiyo iliyohalalisha barabara kubwakubwa zilizopasua miji ya Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970. Hayo nilikuwa nimeyasoma katika vitabu vya watu wengine.

Hebu sasa tukisikilize kitabu chenyewe. Buchanan anaufananisha mji na hospitali. Kila siku humo hupita wagonjwa, madaktari, chakula, dawa na mashuka, na yote hupitia korido. Wodi ni mahali pa kulala mgonjwa, wala hakuna anayeruhusiwa kusukuma kigari cha chakula katikati ya chumba cha upasuaji ati kwa kuwa anakata njia. Mitaa wanamoishi watu, kwa maoni yake, ndiyo wodi za mji.

Hapa ndipo sikio langu la mwanaisimu liliposimama. Neno ambalo sisi tunalifasiri kuwa *mazingira*, na ambalo magazetini humfanya msomaji afikirie misitu na mito, Buchanan analitumia kwa maana ya barabarani kabisa: kelele, moshi, hatari ya mtoto kugongwa, na ubaya wa kutazama magari yaliyoegeshwa kila upenyo. Kila mtaa, asema, una idadi ya magari unayoweza kuyastahimili kabla haujaharibika, na idadi hiyo yafaa ijulikane kwanza. Mhandisi wa kawaida huuliza barabara itabeba magari mangapi. Buchanan anauliza wakazi watavumilia mangapi.

Mfano ulionishtua ni Leeds, mojawapo ya miji iliyochunguzwa. Hesabu zao zilionyesha kwamba katika mji wa ukubwa ule haiwezekani kamwe kila anayetaka kwenda kazini kwa gari lake aende kwa gari lake, hata zijengwe barabara za namna gani. Leeds ilikuwa imekwisha kung'oa tramu zake mwaka 1959. Baada ya ripoti ikajenga barabara kuu za kuzunguka na kupenya katikati ya mji, na katika miaka ya 1970 ikajitangaza kuwa mji wa barabara hizo. Mpango wa kurudisha tramu ulifutwa na serikali mwaka 2005.

Ilikuwaje basi? Nakala yangu inanipa fununu. Mwenye kitabu wa awali alipiga mistari ya penseli chini ya takwimu za mwanzoni, zile zinazobashiri kwamba magari ya Uingereza yangeongezeka maradufu katika muda wa miaka 10 hivi. Baada ya hapo penseli inanyamaza. Kurasa za Leeds ni safi kama zilivyotoka kiwandani.

Hata hivyo, siwezi kumwosha Buchanan mikono. Alilipenda gari, na alisema wazi kwamba anayetaka magari mengi na mtaa mzuri kwa pamoja sharti atoe fedha nyingi za kuujenga mji upya. Kisha akatia michoro ya watu wakitembea juu ya majukwaa huku magari yakipita chini. Mkubwa mwenye haraka hutazama michoro.

Nasi pia tuna haraka. Barabara ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022, na mazungumzo niliyoyasikia tangu hapo ni ya dakika alizookoa mwenye gari. Ninaposubiri kuvuka chini yake pamoja na wanafunzi waliobeba mikoba, sijasikia mtu akiuliza pale chini pamestahimili kiasi gani.

Yule mwanafunzi amekwisha kuhitimu na sijui anafundisha wapi. Kama anausoma ukurasa huu, alama zake mbili ninazo.