Maoni ya Watu Hupimwaje?

Wenzangu wengi hucheka wasikiapo redioni kwamba watu 2,400 waliulizwa habari za siasa, na kwa majibu yao ikasemwa kwamba Waganda wadhani hivi na hivi. "Mimi sikuulizwa," husema, "wala baba yangu hakuulizwa. Basi hayo ni maoni ya nani?" Naona wanacheka pasipo pa kuchekea.

Mnunuzi wa kahawa hamwagi gunia zima. Huchoma bambo, akatazama punje chache, akataja bei. Lakini akichoma juu tu, mahali ambapo mwuzaji mjanja amepanga punje nzuri, atapata hasara hata akichoma mara mia.

Hasara ya namna hiyo ililipata gazeti la Literary Digest la Marekani mwaka 1936. Lilipeleka karatasi za kura kwa watu kama milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakajibu. Likatangaza kwamba Landon atamshinda Rais Roosevelt. Siku ya kura ilipofika, Landon alipata majimbo mawili tu, Maine na Vermont! Kumbe majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa, na miaka ile ilikuwa ya dhiki kuu. Maskini hakuwa na simu wala motokaa. Tena waliojitaabisha kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza. Bwana George Gallup aliuliza watu wachache sana kuliko hao, lakini aliwachagua kwa uangalifu, akasema Roosevelt atashinda. Miaka miwili baadaye Literary Digest lilikuwa limekufa.

Basi hesabu kubwa si kitu. Lakini liko jambo la pili, nalo kwetu ni zito zaidi: je, aliyeulizwa yu huru kujibu?

Tangu mwaka 1999 wataalamu wa Ghana, wa Afrika Kusini na wa chuo kikuu cha Michigan State walianzisha kazi iitwayo Afrobarometer, ambayo sasa hufanywa katika nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo. Mwulizaji huenda nyumbani kwa mtu, nyumba yenyewe imepatikana kwa bahati nasibu, naye husema kwa lugha ya mwenyeji. Karibu na mwisho humwuliza: wadhani ni nani aliyetutuma? Wengi hujibu, "Serikali," ingawa wameelezwa mwanzoni kwamba sivyo. Swali hilo nalipenda kuliko yote. Kwa maana anayedhani kwamba anasema na serikali huenda akapima maneno yake, na mtaalamu mwenye akili husoma majibu yake kwa hadhari.

Hayo hayako mbali nasi. Muhula uliopita kiranja mmoja alisimama bwenini, daftari mkononi, akauliza, "Nani hapendi saa mpya za kusoma usiku?" Hapana mkono ulioinuka. Akaandika kwamba wote wameridhika. Taa zilipozimwa, manung'uniko yalisikika mpaka karibu usiku wa manane! Daftari ile ilikwenda kwa walimu, na saa zile ndizo tunazozifuata mpaka leo.

Wako wasemao kwamba kupima maoni huwapotosha wapiga kura, kwa kuwa watu hupenda kumfuata anayesemwa ataongoza. Labda wako wafanyao hivyo. Lakini uvumi wa sokoni hupotosha vilevile, nao hauonyeshi hesabu yake.

Naliomba Baraza la Wanafunzi lijaribu muhula ujao. Majina yetu yote yaandikwe kwenye vikaratasi, yatiwe katika debe, yakorogwe vizuri, yatolewe 60. Hao wajibu kwa kuandika, bila jina, na karatasi zihesabiwe na kidato cha pili, maana hao hawana cheo cha kulinda. Swali la kwanza liwe la saa za kusoma usiku.