Kazi za Mikono: Pete za Ufito wa Kuvulia Mtoni

Wazee walisema ya kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo yamfaa mtu atafutaye kisingizio cha kutokwenda shambani. Walakini yeye atengenezaye jembe lake mwenyewe hana budi kuchagua mpini, maana mpini mbaya utamchubua viganja mwaka mzima. Ndivyo ilivyo kwa mtu ajitengenezeaye ufito wa kuvulia samaki. Juma lililopita tulieleza jinsi ya kuchagua ufito wenyewe na kuutia mpini. Leo tutazungumza juu ya pete zipitishazo mshipi, ambazo watu wengi hudhani ni mapambo tu.

Kwanza nitaungama kosa langu mwenyewe. Ufito wangu wa kwanza niliutengeneza kwa kuvulia mumi katika mto Tana. Nilinunua ufito mzuri, nikanunua gurudumu zuri la kukunjia mshipi, na fedha zilipokaribia kwisha nikachukua pete zozote nilizozikuta dukani, kwa kuwa ziling'aa. Msimu wa kwanza nilivua vizuri. Msimu wa pili nilikwenda pamoja na mtoto wa ndugu yangu, nami nilikuwa nimewaahidi watu wa nyumbani kitoweo cha Jumapili. Karibu na magharibi mumi mkubwa alishika chambo. Tulimwona mgongo mara mbili, kisha mshipi ukakatika, naye akaenda zake na ndoana kinywani.

Nikasema kwamba mshipi ulikuwa mbovu. Mtoto akauokota, akautazama, akaniuliza, "Baba mdogo, mbona umekatika huku juu, wala si karibu na ndoana?" Nikaishika pete ya nchani, nikaona ndani yake mfereji mwembamba kana kwamba umekatwa kwa msumeno. Mshipi wenyewe, pamoja na mchanga wa mtoni, ulikuwa umeila ile chuma laini siku baada ya siku, na kila nilipovuta, mfereji ule ulikuwa ukiuparuza mshipi. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, nami sikuwa na la kuwaambia isipokuwa kwamba nilibana fedha mahali pasipofaa.

Basi, msomaji, tufahamu kwanza kazi ya pete. Kazi zake ni tatu. Ya kwanza ni kuongoza mshipi utoke bila kukwaruzwa unapotupa. Ya pili ni kuuweka mbali na ufito, maana mshipi uliolowa hung'ang'ania ufito na kukataa kwenda. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni kuugawa uzito wa samaki katika urefu wote wa ufito, ili sehemu moja isibebe mzigo peke yake ikavunjika.

Pili, tazama gurudumu lako ni la namna gani, kwa sababu pete hufuata gurudumu. Kama gurudumu huning'inia chini ya ufito na halizunguki mshipi unapotoka, mshipi hutoka kwa mapindo mapana, kama kamba inayochupa kutoka katika bunda. Kwa hiyo pete ya kwanza yapasa kuwa pana, na yenye miguu mirefu ya kuiinua juu ya ufito. Kwa ufito wa futi 7, pete ya kwanza ya milimita 25 yafaa, ikifuatwa na ya 16, kisha ya 10, na zilizobaki za 7 au 6 mpaka nchani. Hivyo mapindo hupunguzwa upesi, kama maji yanavyokusanywa na mdomo wa faneli. Mwanzo mzuri ni kuiweka pete ya kwanza kiasi cha inchi 20 kutoka kwenye gurudumu.

Lakini kama gurudumu hukaa juu ya ufito na kuzunguka lenyewe, mshipi hutoka ukiwa umenyoka, wala hapana haja ya pete pana. Hapo haja yako ni pete ndogo zilizo nyingi zaidi, maana ufito ukipinda mshipi ulio juu yake hutaka kushuka uguse ufito katikati ya pete na pete.

Wale wavuao trauti katika mito ya baridi itokayo Nyandarua na Mlima Kenya wana shauri lingine. Trauti si wenyeji wa mito hiyo. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yao kutoka Uskoti, nao wakatiwa katika mto Gura. Huko desturi ni kuvua kwa nzi wa bandia, na kinachorushwa kwa hakika si ndoana bali mshipi wenyewe, ulio mnene na mzito. Ufito wa kazi hiyo hutaka pete nyepesi za waya zilizopindwa mfano wa nyoka, pamoja na pete moja ya duara ya milimita 10 au 12 karibu na mkono.

Kanuni ya zamani husema: kwa kila futi moja ya ufito weka pete moja, kisha ongeza moja, bila kuhesabu ile ya nchani. Ufito wa futi 8 na nusu utapata pete 9 au 10. Ukiweka 10, unaweza kuanza na hesabu hii. Kutoka nchani mpaka pete inayofuata pima inchi 5, kisha 5 na nusu, kisha 6, ukizidisha nusu inchi kila mara mpaka pete ya tisa. Kutoka ya tisa mpaka ya kumi, ambayo ndiyo ile ya duara, pima inchi 10. Jumla itakuwa inchi 73, na zitabaki inchi 29 mpaka mwisho wa mpini, ambapo mkono wako wa kushoto utaifikia pete ile bila taabu.

Huenda mtu akasema, "Mimi nitatia pete 14, ili ufito uwe na nguvu." Hapana. Shika fimbo ndefu, kisha funga jiwe dogo kwenye ncha yake, uitikise. Utaona jinsi inavyochelewa kurudi. Kila pete nzito iliyo karibu na ncha huufanya ufito kuwa mvivu, na uzi na vanishi ya kuifungia vyaongeza uzito pia. Pete chache mno ni kosa, maana mshipi hukata kona; nyingi mno ni kosa vilevile.

Tatu, yafaa tuseme juu ya kitu kilichofanya pete. Fito za kale za mwanzi zilitiwa pete za akiki, jiwe zuri na laini kwa mshipi, lakini ukiliangusha lapasuka. Pete za waya wa chuma kilichopakwa kromu ngumu ni nyepesi, nazo zikigonga mti hupinda tu, ukazinyosha kwa kidole. Pete zenye duara ya kauri ndani, iliyofanywa kwa oksidi ya alumini, ni ngumu na hazina bei kubwa. Zile za kabidi ya silikoni ni ngumu zaidi na huondoa joto la msuguano upesi, lakini bei yake ni kubwa. Mtu atumiaye mshipi wa kusukwa asithubutu kutumia pete laini, kwa maana mshipi ule hula chuma kama tupa.

Sasa nitasema neno ambalo ningependa ulishike hata ukiyasahau mengine. Kama fedha hazitoshi kununua pete bora zote, nunua bora mbili: ya kwanza na ya mwisho. Pete ya nchani ndipo mshipi upindapo kwa ukali kuliko mahali pengine pote, na ndipo samaki avutapo. Pete ya kwanza ndiyo hupokea mshipi utokao mkononi au kwenye gurudumu. Zile za katikati zaweza kuwa za kawaida, nazo hazitakudhuru.

Kabla ya kutoa fedha, iangalie kila pete. Chukua pamba kidogo au kipande cha soksi nyepesi ya nailoni, ukipitishe ndani ya duara na kukizungusha pande zote. Kikinasa uzi mmoja tu, pana ufa au ukwaru; irudishe. Mwenye duka akikununia, afadhali kununa kwake kuliko hasara yako mtoni.

Ukifika nyumbani usifunge pete kwa uzi mara moja. Kwanza simamisha ufito juu ya meza, uukandamize katikati huku ukiuzungusha polepole. Utahisi upande mmoja ukiruka, kwa maana kila ufito una mgongo wake. Tia alama hapo, ili pete zote zipangwe kwa mstari mmoja kuufuata mgongo ule. Kisha zishike pete kwa vipande vya utepe wa gundi, upitishe mshipi, na mwambie mtu auvute mwisho wake mpaka ufito upinde kama ulivyo na samaki. Simama ubavuni utazame. Mshipi wapasa kuufuata mpindo wa ufito kwa upole. Ukiona mahali mshipi umekata kona kali, au umegusa ufito, sogeza pete, ujaribu tena. Hesabu niliyokupa juu ni ya kuanzia tu. Mpindo wa ufito wako ndio utakaokupa jibu.

Mwishowe chukua tupa ndogo, uzichonge ncha za miguu ya pete ziwe nyembamba kama ulimi wa kisu, ili uzi upande juu yake bila kuacha pengo, tena upitishe tupa chini yake pasibaki ukingo wa kukata ufito. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila pete, na wengi huiruka, kisha hushangaa ufito ukivunjika palepale penye mguu wa pete.

Ufito ule wangu ningali nao. Niliuvua pete zote, nikaufunga upya, na ile ya nchani yenye mfereji nimeipigilia juu ya mlango wa ghala, mahali ninapoweka vyombo vya kuvulia. Mtoto yule wa ndugu yangu sasa ana ufito wake mwenyewe, naye kila tunapokwenda mtoni huzipitisha pamba pete zake zote kabla ya kufunga ndoana, kisha huja kunipokonya ufito wangu aupime pia.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuzungusha uzi na kupaka vanishi. Kabla ya hapo, wewe uliye na ufito wa zamani ukutani, ushushe leo, uitazame pete ya nchani. Tena usisahau kupata kibali cha kuvua kabla ya kwenda mtoni.