Dawa ya Akili na Mkono wa Mchuma Chai

Mgonjwa wa akili akiacha dawa, jamaa husema ni mkaidi. Sisi twaona kwamba yafaa aulizwe kwanza dawa hiyo imemfanya nini.

Klopromazini, haloperidoli na dawa za jamii hiyo huizuia dopamini, kemikali ya ubongo, isifike mahali inapopokelewa. Hapo sauti asizozisikia mwingine hupungua, na hofu ya kuandamwa hutulia. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo iongozayo mwendo wa viungo. Mtu aweza kupona maruweruwe huku mikono ikitetemeka, shingo ikikakamaa na mate yakimtoka. Baada ya miaka mingi ulimi na midomo yaweza kuchezacheza yenyewe, na pengine isikome. Olanzapini, iliyokuja baadaye, hukakamaza viungo kwa nadra zaidi, ila hunenepesha na yaweza kuleta kisukari.

Huko Mbeya na Iringa jambo hili lagusa riziki. Mchuma chai wa Rungwe au Mufindi hulipwa kwa uzito wa majani; vidole vikikakamaa, ujira umepungua. Mkulima wa Isimani anywaye klopromazini ngozi yake huungua upesi juani. Ni nani atakayeshangaa akizitupa? Na akizitupa ghafla, ugonjwa hurudi, nayo safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Mirembe kule Dodoma, huanza upya kwa gharama ya ukoo mzima.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani haya ni ya bara peke yake. Mgonjwa atokaye Kidongo Chekundu naye ana mwani wa kufunga kambani, na kazi hiyo yataka vidole vyepesi.

Tiba ya kukakamaa ipo. Mganga aweza kupunguza kipimo, au kubadili dawa, au kutoa benzheksoli, ingawa hiyo nayo hukausha kinywa na kuwachanganya wazee, hivyo haifai kugawiwa kila mtu. Mbeya na Muhimbili zimekwisha kujaribu, katika mradi wa KUPAA, kumketisha mgonjwa pamoja na jamaa yake na kuwaeleza ugonjwa na matibabu yake. Twawaomba wakuu wa afya wa mikoa, bara na visiwani, wanapoagiza haloperidoli waagize na benzheksoli, na muuguzi apewe nafasi ya kumweleza mgonjwa madhara hayo siku ile ile anapokabidhiwa vidonge.