Lupita Alipata Ngazi, Moraa Akapata Ngazi. Sasa Dem wa Nyamira Anayetaka Kuigiza Atapanda Wapi?

Leo hatuongelei nani amemwacha nani. Leo tuko na story ya dem mmoja ambaye unamjua, hata kama sitamtaja jina, kwa sababu kila kijiji cha Kisii na Nyamira kina wake.

Ni yule wa drama za shule. Msimu wa mashindano ukifika, anapanda jukwaani akiwa amefungwa leso kiunoni, anaigiza mama aliyefiwa, na ukumbi mzima unanyamaza kimya. Mwalimu anajifanya anafuta miwani, kumbe ni machozi. Mtu anarekodi, video inaingia TikTok, na wasee wote wanaandika kitu kimoja: “Huyu ni Lupita wetu!”

Miaka miwili baadaye unapita kituo cha chai huko Kebirigo na unampata kwa laini, kikapu mgongoni, anangoja majani yake yapimwe. Hakuna mtu anamuita Lupita tena.

Usinielewe vibaya. Kuchuna chai ni kazi safi, na bonasi ya chai imesomesha watu kibao Nyamira. Swali langu ni lingine. Huyu dem aliacha kuigiza kwa sababu alitaka, ama kwa sababu baada ya kidato cha nne hakukuwa na mahali pa kuigizia?

Tuanze na Lupita mwenyewe, kwa sababu manze, hilo jina tunalitumia bila kusoma historia yake.

Machi 2, 2014, Lupita Nyong'o alichukua Oscar ya mwigizaji bora msaidizi kwa kuigiza Patsey kwenye 12 Years a Slave. Mkenya wa kwanza kushinda Oscar. Akiwa pale juu akawaambia watoto wa dunia kwamba haijalishi umetoka wapi, ndoto zako zina haki ya kuwepo. Huku kwetu kulikuwa kumeshakucha, na nchi nzima ikaamka na hiyo sentensi. Tukaipenda sana mpaka tukasahau kuuliza alifikaje pale.

Sasa hesabu na mimi. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983, babake, Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa mwalimu huko. Familia ikarudi Kenya akiwa bado mdogo. Akiwa na miaka 14 tu, alikuwa tayari ameigiza Juliet wa Shakespeare na kundi la Phoenix Players, Nairobi. Hicho ni kipandio cha kwanza: jukwaa la watu wazima mjini, na mzazi wa kumpeleka.

Cha pili: wakati The Constant Gardener, filamu iliyotoka 2005, ilikuwa inapigwa hapa Kenya, alikuwa nyuma ya kamera kama mtu wa mkono, ile kazi ya kutumwa huku na kule. Pale akaona jinsi filamu kubwa inavyotengenezwa, na akakutana na waigizaji wakubwa kama Ralph Fiennes. Cha tatu: 2009 akaigiza Ayira kwenye Shuga ya MTV, na mwaka huo huo akaongoza filamu yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu Wakenya wanaoishi na ualbino. Cha nne: shule ya uigizaji ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikomaliza 2012. Halafu ndio hiyo ya Patsey.

Umeona? Oscar ilikuja baada ya zaidi ya miaka 15 ya kupanda, na kila kipandio kilikuwa na mtu wa kukishikilia. Sisemi alibebwa. Dem alichapa kazi, hakuna mtu anaweza kukuigizia. Nasema tu kwamba kipaji chake kilipata ngazi.

Najua unachotaka kuniambia. “Huyo ni mtoto wa profesa na waziri, sisi tuko ocha.” Sawa. Basi twende ocha.

Mary Moraa ni dem wa Kisii, amezaliwa 2000. Mwaka 2017 alichukua fedha ya mita 400 kwenye mashindano ya dunia ya wasiozidi miaka 18 pale Kasarani. 2022 akachukua dhahabu ya mita 800 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham. Agosti 2023 pale Budapest akawa bingwa wa dunia wa mita 800. Babake hakuwa waziri. Sasa alifikaje?

Jibu ni kwamba kwa riadha, Kenya imejenga ngazi. Kuna michezo ya shule kutoka kwa kata mpaka taifa. Kuna makocha wanaozunguka wakitafuta watoto wenye kasi. Kuna mashindano ya vijana. Kuna Polisi na Jeshi, ambao wanamwajiri mwanariadha, kwa hivyo akiamka kufanya mazoezi anajua mwisho wa mwezi kuna mshahara. Moraa mwenyewe ni afisa wa polisi. Hiyo mishahara ndiyo inafanya mzazi wa kijijini akuambie, “Enda ukimbie, mwanangu.”

Kwa uigizaji, ngazi yetu iko na kipandio kimoja tu: drama za shule. Na hicho kimoja kiko poa sana, walai. Unaanza na shule yako, unaenda kaunti ndogo, kaunti, mkoa, mpaka taifa, na siku hizi kuna hadi kitengo cha filamu. Gusii imekuwa ikitoa watu wa kuchekesha na kuigiza tangu kitambo. Walter Mong'are wa Redykyulass, yule aliyekuwa anamwiga Rais Moi mpaka unasahau Moi halisi ni nani, si ni wetu? Kipaji hatujakosa. Lakini siku unamaliza mtihani wa mwisho wa sekondari, mwalimu wa drama anabaki na shule yake, kostyumu zinarudi stoo, na wewe unarudi nyumbani. Kipandio cha pili kiko Nairobi, karibu kilomita 300 kutoka Nyamira.

Na wacha tuongee ukweli kuhusu hiyo safari ya Nairobi, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wanaumia. Dem wa miaka 19 anaona tangazo mtandaoni: “Tunatafuta sura mpya, njoo na ada ya usajili.” Anaomba doh kwa shosho, analala kwa binamu Kawangware, anafika mahali anaambiwa. Saa zingine ni watu wa ukweli. Saa zingine anapata keja ya mtu anayejiita dairekta, hana kamera, hana skripti, lakini ana kiti kimoja na mlango wa kufunga. Anarudi nyumbani bila pesa, ama na siri ambayo hatamwambia mathe yake. Tukisikia, tunasema, “Si nilikuambia hiyo kazi ni ya malaya?” Yaani tunamlaumu yeye, badala ya kuuliza kwa nini ilibidi aende kutafuta mlango mbali hivyo.

Wengine watasema siku hizi kuna simu, afungue akaunti, apige vichekesho vya Ekegusii, aomoke. Ni kweli, na kuna wasee wameomoka hivyo. Lakini kuchekesha kwa dakika moja na kubeba mhusika kwa masaa mawili ni kazi mbili tofauti. Ya pili inafunzwa. Unafunzwa kupumua, kusikiliza mwenzako, kurudia onyesho moja mara 20 bila kulia machozi ya uongo. Simu haikuambii umekosea wapi, inakupa likes tu.

Sasa kuna mambo mawili ya kuangalia mwaka huu, na hapa ndipo nataka uwe makini.

La kwanza ni Gredi ya 10. Darasa la kwanza la mtaala mpya liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na njia ni tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Ndani ya hiyo ya tatu kuna somo la uigizaji na filamu. Soma hiyo tena: serikali imekubali kwamba kuigiza ni somo la darasani, si mchezo wa Ijumaa jioni. Lakini njia ya sanaa haipatikani kila shule, na mahali ipo inahitaji mwalimu aliyesomea, ukumbi na vifaa. Kama shule iliyo karibu na wewe haina, mtoto wako atasukumwa kwa kemia akitoa machozi, na tutakuwa tumebadilisha jina la mtaala tu.

La pili ni kaunti. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya majukumu ya kaunti. Utapata pale shughuli za utamaduni na burudani za umma, na majumba ya sinema yametajwa kwa jina, pamoja na maktaba na makavazi. Hiyo si kazi ya Nairobi. Ni kazi ya Kisii na Nyamira. Sasa jiulize, mara ya mwisho ulilipa tiketi kuona mchezo wa kuigiza huku kwetu, nje ya shule na kanisa, ilikuwa lini?

Utaniuliza, “Hospitali hazina dawa na wewe unaleta mambo ya filamu?” Ni swali la haki. Dawa kwanza, hakuna ubishi. Lakini ninachoongelea si jumba la mabilioni. Kumbi tayari ziko, zinatumika kwa mikutano ya chama na harusi. Mwalimu mmoja wa drama aliyestaafu, taa kadhaa, na Jumamosi mbili kwa mwezi, hicho tayari ni kipandio. Na onyesho moja halilishi mwigizaji peke yake. Kuna fundi wa nguo, fundi wa stima, dereva, mama wa kupika. Jirani zetu Waganda wameonyesha inawezekana: Mira Nair, yule mwongozaji Mhindi aliyempa Lupita nafasi ya kuigiza mama kwenye Queen of Katwe mwaka 2016, alianzisha Maisha Film Lab pale Kampala mwaka 2004, kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki filamu bila kuwalipisha.

Na wewe mzazi unayesema sanaa si kazi, panda boda uende Tabaka. Pale wazee wamechonga mawe ya kisii miaka na miaka, yakauzwa mpaka ng'ambo, na watoto wakalipiwa fees. Mtoto wa Tabaka haulizwi kama kuchonga ni kazi. Anapewa jiwe na patasi, anakaa kando ya babake, anaharibu kadhaa, halafu anajua. Dem wako wa drama naye anahitaji jiwe lake la kuharibu, karibu na nyumbani, mbele ya macho yako.

Kwa hivyo, MCA wako akija kuomba kura 2027, muulize kuhusu barabara, muulize kuhusu dawa, halafu muulize ukumbi utafunguliwa lini. Ukienda mkutano wa wazazi, uliza kama shule ina njia ya sanaa, na kama haina, ni shule gani ya karibu iko nayo.

Na yule dem wa kituo cha chai, bado yuko. Ukimpata kwa laini, msalimie, halafu muulize kama bado anakumbuka maneno ya ule mchezo. Nakuhakikishia atakuigizia yote, kikapu kikiwa bado mgongoni.