Usiridhike na jibu la “fangasi” tu

Neno “fangasi” limekuwa kapu. Tunatia humo mapunye ya mtoto, utando mweupe mdomoni mwa kichanga, muwasho wa ukeni, na hata maambukizi ya damu yanayoua wagonjwa waliolazwa. Kwa mapunye si neno. Daktari akitazama kichwa na kukwangua magamba ya kuangalia kwa hadubini, mara nyingi inatosha. Fangasi akiingia kwenye damu, jina lake kamili ndilo linaloamua dawa.

Chukua mfano wa Candida auris. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 nchini Japani, baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa. Leo ameripotiwa katika nchi nyingi, majirani zetu Kenya wakiwamo. Hukaa kwenye ngozi, kwenye vyuma vya kitanda na vifaa vya wodini, akahama kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Mara nyingi hasikii flukonazoli, dawa ambayo wengi wetu tunainunua dukani bila hata cheti cha daktari. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilimweka kwenye kundi la juu kabisa la fangasi hatari.

Ubaya ni kwamba vipimo vya zamani, vile vinavyoangalia fangasi anatumia sukari gani, vimewahi kumpa jina la ndugu yake, Candida haemulonii. Karatasi ya majibu inarudi na jina na muhuri, lakini jina si lake. Wodi haijui kwamba mgonjwa huyo alipaswa kutengwa.

Hapo ndipo vipimo vya vinasaba vinapofaa. Maabara hutoa vinasaba vya fangasi, mashine hunakili kipande kidogo mara mamilioni (ni PCR ileile tuliyoizoea wakati wa UVIKO-19), kisha mpangilio wake husomwa na kulinganishwa na kumbukumbu za fangasi wanaojulikana. Kumwotesha fangasi huchukua siku kadhaa, wengine wiki. PCR yenyewe huhesabiwa kwa saa.

Lakini kipimo hiki si mganga wa yote. Mbegu za fangasi zimejaa hewani, hivyo sampuli iliyochukuliwa ovyo huweza kumtaja asiyehusika. Huokota pia mabaki ya fangasi aliyekwisha kufa. Na mara nyingi hakisemi ni dawa ipi itakayomuua, kwa hiyo kuotesha bado kunahitajika.

Mzazi mwenye mtoto njiti wodini, fahamu kwamba kichanga mwenye maambukizi ya damu huenda asichemke kabisa. Hulegea, hukataa kunyonya, hupumua kwa shida. Ikiwa amekaa na mpira wa dripu siku nyingi, na antibayotiki hazimsaidii, muulize daktari bila woga: damu imeoteshwa? Kama ni fangasi, anaitwa nani, na jina limepatikana kwa kipimo gani? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Nawe mama unayerudiwa na muwasho ukeni kila baada ya wiki chache, acha kununua kidonge kilekile. Huenda si fangasi kabisa, au ni Candida krusei, ambaye kwa asili yake hatibiki kwa flukonazoli. Omba upimwe kabla ya kumeza dawa nyingine.

Sisi tunaona kila hospitali yenye wodi ya watoto njiti iwe na maabara inayojulikana ya kupelekea sampuli za namna hii, na mgonjwa asiachiwe kuitafuta mwenyewe. Mashine za PCR na ujuzi vilivyobaki baada ya UVIKO-19 visikae vikishika vumbi.

Ukiruhusiwa kutoka, omba nakala ya majibu yenye jina la fangasi. Hospitali utakayokwenda kesho itaihitaji.